Kitabu kimoja cha picha, wanafunzi 58: waanzeje kuandika chao wenyewe?

Swali la msomaji: "Nafundisha darasa la tatu la msingi hapa Goma, upande wa Majengo. Nina wanafunzi 58 na kitabu kimoja cha hadithi chenye picha nzuri. Nikiwasomea, wanaelewa, wanacheka, wanaomba nirudie. Lakini nikiwaonyesha picha na kuwaambia waandike, karibu wote wananipa: 'Naona mtoto. Naona nyumba. Naona mti.' Wengine wanangoja niandike ubaoni wanakili. Nitumie kitabu hiki namna gani ili waandike kitu kilichotoka kwao?"

Jibu

Mwalimu, asante kwa swali. Jambo la kwanza la kushika katika uliyosema ni hili: wakisomewa, wanacheka. Basi hadithi wameielewa na maneno ya kuisimulia wanayo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka mdomoni kufika kwenye kaye, yaani daftari. Zile sentensi za "naona" zinatoka kwenye swali ambalo walimu wengi tunaanza nalo mbele ya picha: "Mnaona nini?" Mtoto aliyeulizwa anaona nini hutaja vitu, na akiambiwa aandike, anaandika orodha ya vitu. Amejibu sawasawa. Swali ndilo lililomfungia mlango.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana si kila kitabu chenye picha kinafundisha kuandika. Kuna vile ambavyo picha inarudia maandishi tu: maandishi yanasema "Mama anapika", na picha ni mama anapika. Hapo mtoto hana la kuongeza. Tafuta kitabu ambacho picha inajua jambo ambalo maandishi yamelinyamazia. Nikupe mfano ambao hata wewe mwenyewe unaweza kuuchora. Kijana anashuka na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kutoka Kibumba kuja Goma, amepiga goti moja juu ya ubao, mikono imeshika usukani, nyuma yake mzigo wa kabichi, zile ambazo wengi nyumbani wanaziita mashu. Maandishi ya ukurasa huo ni maneno matatu tu: "Safari ilikuwa nzuri." Lakini ukitazama picha, kamba ya mzigo imelegea, kabichi tatu zimekwisha kuanguka barabarani, na mbuzi anafuata nyuma akizila moja baada ya nyingine.

Watoto wataona mbuzi kabla hujamaliza kuinua kitabu. Wataanza kupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo malighafi yako. Wao wanajua kitu ambacho kijana hajui, na kitabu hakikukisema. Mtoto anayejua siri anataka kuitoa.

Kwa darasa la tatu chagua kitabu cha kurasa 8 hadi 16, chenye sentensi moja au mbili kila ukurasa, na mhusika mmoja anayetaka kitu na kukutana na kizuizi. Kabla ya kukubali kitabu, kisimamishe kwenye ubao na wewe nenda ukae benchi la mwisho. Kama kutoka pale huwezi kusema mhusika anafanya nini, kitabu hicho ni cha vikundi vidogo tu, si cha darasa zima. Kama unahitaji vingine, maktaba ya African Storybook ya Afrika Kusini na ile ya StoryWeaver ya Pratham Books ya India zina vitabu vya picha vya Kiswahili vya kupakua bure. Leseni ya vingi kati ya hivyo inakuruhusu kuchapa, kupiga fotokopi, hata kubadilisha maneno, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Ruhusa ya kubadilisha ni muhimu kwetu, maana Kiswahili chake mara nyingi ni cha Kenya au Tanzania. Pale penye "matatu" weka neno ambalo watoto wako wanalijua, kisha endelea.

Sasa wiki. Kitabu kimoja kinakutosha wiki nzima, na kwa darasa kubwa ni vizuri zaidi kuliko vitabu vitano vinavyopita mbio. Kipindi cha nusu saa kila siku kinatosha.

Siku ya kwanza, funika maandishi yote. Kata vipande vya karatasi, vibandike juu ya maneno kwa gundi kidogo kwenye ncha tu ili viweze kutoka. Usiruke hatua hii. Mtoto akishaona au kusikia sentensi ya kitabu, ataiandika hiyo hiyo, kwa sababu imetoka kwa mkubwa na amefundishwa kwamba maneno ya mkubwa ndiyo sahihi. Pita na kitabu katikati ya madawati, taratibu, dakika moja kila ukurasa, na badala ya "mnaona nini" uliza maswali haya kwa mpangilio huu: Anafanya nini? Anataka nini? Nini kinamzuia? Umejuaje? Swali la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtoto akisema "kijana hajui kama kabichi zinaanguka", mwulize amejuaje, naye atakujibu "anatazama mbele". Hapo amepata "kwa sababu" yake ya kwanza, na hiyo ndiyo itakayorefusha sentensi yake siku ya nne.

Siku ya pili wanasimulia. Wawili wawili, benchi kwa benchi: mmoja anasimulia kuanzia mwanzo hadi katikati, mwenzake anamalizia. Wewe tembea ukisikiliza vitenzi na kuviandika ubaoni, visizidi 8: shuka, beba, legea, anguka, fuata, kula, geuka, shangaa. Andika vitenzi kuliko majina ya vitu. Mtoto mwenye "legea" na "geuka" mkononi hawezi tena kuandika orodha.

Siku ya tatu mnaandika pamoja, na hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Chagua ukurasa mmoja tu, ule wa mbuzi. Watoto wanasema, wewe unaandika ubaoni, lakini usiandike kimya. Wasikie unavyofikiri. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi. Mtoto: "Mbuzi." Wewe: "Mbuzi anafanya nini?" "Mbuzi anakula kabichi." Unaandika hiyo. "Kabichi imetoka wapi?" "Imeanguka kwenye chukudu." Unasimama na chaki: "Je, hiyo ilitokea kabla mbuzi hajala, au baada?" "Kabla!" "Basi ikae wapi?" Unafuta, unaipandisha juu. "Na kijana hakuona?" "Hakuona, sababu alikuwa anatazama mbele." Mwishoni ubao una:

"Kabichi ilianguka kutoka kwenye chukudu. Kijana hakuona kwa sababu alikuwa anatazama mbele. Mbuzi akaja, akaila."

Kile walichojifunza hasa ni kule kufuta. Mtoto anayenakili ubao kila siku anadhani maandishi hutoka kichwani yakiwa safi na yamepangika. Akikuona wewe mwalimu unaandika, unasoma, unakunja uso, unafuta, unahamisha, ataelewa kwamba kukosea na kurekebisha ni sehemu ya kazi. Ukifika na sentensi ulizokwisha kuzitayarisha kwenye daftari la maandalio, somo hili litapotea lote.

Angalia pia "akaja, akaila". Hadithi ya picha ni shamba zuri la kufundishia -ka- ya masimulizi, kwa sababu kugeuza ukurasa ndiyo maana yake halisi: jambo hili, kisha likafuata lile. Ukurasa wa kwanza unapata -li-: "Kijana alifunga mzigo." Kurasa zinazofuata zinapata -ka-: "Akapanda chukudu. Akashuka kilima. Akafika sokoni." Waambie: "Tukigeuza ukurasa, tunaweka -ka-." Jihadhari na jambo moja la huku kwetu. Watoto wana -ka nyingine mdomoni, ile ya mwisho wa kitenzi: "anaendaka", "alikuwaka", yenye maana ya mazoea. Watachanganya zote mbili. Wape sentensi mbili zikae ukutani, "Kila siku huenda sokoni" na "Akaenda sokoni", na uwaonyeshe kwa kidole mahali -ka- inapokaa: nyuma ya mzizi wa kitenzi ni ya mazungumzo ya nyumbani, mbele yake ni ya hadithi. Usiwaambie ile ya nyumbani ni mbaya. Ina kazi yake, na mhusika anayezungumza ndani ya hadithi anaweza kuitumia.

Siku ya nne, kabla hawajaingia, futa ubao. Acha vitenzi 8 peke yake. Ukiacha aya ya jana, utapata aya ya jana mara 58. Kila mtoto anaandika kuhusu ukurasa mwingine, na hapa lipo suala la picha zenyewe, kwa kuwa kitabu ni kimoja. Ukiweza, piga fotokopi 10 za ukurasa mmoja usio na maneno, kila kikundi cha watoto 5 au 6 kipate moja. Fotokopi ya rangi haihitajiki, lakini jaribu moja kwanza, maana picha zenye rangi nzito hutoka nyeusi tupu na mbuzi akapotelea gizani.

Ukikosa fotokopi, kuza picha kwa mkono. Juu ya ukurasa weka karatasi nyembamba, chora miraba ya sentimita 2, nakili mistari mikubwa tu. Kisha kwenye karatasi kubwa chora miraba ya sentimita 10 na uhamishe mraba kwa mraba. Ukurasa wa sentimita 15 kwa 20 utakuwa na sentimita 75 kwa 100, na utasomeka hadi nyuma. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ile isiyogusana na unga, ni imara na haina gharama. Anza kwa makala (makaa) ili uweze kufuta, halafu pitisha wino, kwa sababu makala peke yake itachafua mikono na siku ya tatu hakuna picha tena. Huna haja ya kuchora vizuri. Una haja ya kamba iliyolegea, kabichi tatu na mbuzi.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, kila mtoto amwambie jirani yake sentensi yake kwa mdomo. Jirani anahesabu maneno kwa vidole. Mwandishi anachora vistari vya penseli kwa idadi hiyo hiyo, kistari kimoja kwa kila neno, kisha anajaza. Hii ndiyo dawa ya tatizo utakalolikuta kwenye kaye nyingi, "a na su ku ma chu ku du". Watoto wamejifunza kusoma kwa silabi, kwa hiyo wanaacha nafasi baada ya kila silabi. Wengine wana kinyume chake, wanaunganisha: "namutoto". Kumwambia mtoto "acha nafasi kati ya maneno" hakumsaidii kama bado hajui neno linaishia wapi. Vistari vinamwonyesha.

Kuhusu tahajia, usiichukulie kama uzembe. Mtoto wa Goma anayeandika "mutoto" ameandika kile anachokisikia, na sikio lake halimdanganyi, maana hapa tunatamka mu-. Katika rasimu muachie. Kwenye nakala safi aangalie orodha fupi ukutani: mtoto, mtu, mti, mlango. Maneno manne hadi sita kwa wiki, basi. Vile vile na "batu" na "bitu" kwa watu na vitu.

Kosa lingine linatoka kwenye Kifaransa. Neno chukudu lenyewe utalipata limeandikwa "tshukudu", "tchoukoudou", hata "shukudu". Mtoto amefundishwa kwamba ch ya Kifaransa inasikika kama sh yetu, tena kila siku anaona majina ya watu yanayoanza na Tsh-. Amejitahidi kutumia alichonacho. Chora mstari katikati ya ubao: upande mmoja Kiswahili, mwingine Kifaransa. Ch ya chai, sh ya shule, u ya ua, j ya jiwe; upande wa pili ch ya chat, ou ya loup, j ya jour. Dakika tano zinatosha, na urudie kila wiki. Kinachowachanganya ni kupewa herufi za lugha mbili bila mtu kuwaambia kwamba kila lugha ina sheria zake.

Na Kifaransa chenyewe? Kuanzia darasa la tatu kinazidi kuchukua nafasi, na utapata shinikizo la kuwaandikisha kwa Kifaransa haraka. Kitabu kile kile kinafaa. Wasimulie kwanza kwa Kiswahili, kisha wape kwa Kifaransa fremu mbili tu zenye pengo la kujaza, kwa mfano "La chèvre mange…" (mbuzi anakula…) na "Le garçon ne voit pas…" (kijana haoni…). Ukidai hadithi nzima kwa Kifaransa katika hatua hii, utarudishiwa maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye kitabu cha kusoma.

Sasa kusahihisha, ambako walimu wengi wa madarasa makubwa wanakata tamaa. Kaye 58 kwa usiku mmoja, dakika 3 kila moja, ni karibu saa tatu. Hakuna anayeweza kila wiki. Gawa: kaye 12 kwa siku, siku tano, umewamaliza wote, na kazi ni dakika 36 kwa siku. Katika kila kaye tafuta jambo moja tu, lile mlilolifundisha wiki hiyo. Kama wiki ni ya -ka-, pigia mstari -ka- zilizokaa vizuri na zungushia moja iliyokosekana. Mengine yaache. Ukurasa uliojaa biki nyekundu unamfundisha mtoto kuandika maneno machache zaidi safari ijayo, kwa kuwa sentensi fupi ina makosa machache. Chini yake andika swali moja kuhusu hadithi: "Kijana alifanya nini alipogeuka?" Mtoto akilijibu, hadithi imerefuka na wewe hukulazimika kumwambia "ongeza".

Siku ya tano ondoa vipande vya karatasi na usome maandishi ya kitabu. Watacheka kwa "Safari ilikuwa nzuri", maana wanajua ukweli. Waulize: mwandishi wa kitabu alificha nini, na ninyi mlisema nini? Kisha kila mtoto atengeneze kijitabu chake.

Karatasi moja ya A4 inatosha. Ikunje kwa urefu, upande mrefu juu ya mrefu, bonyeza mkunjo kwa ukucha, ifungue. Ikunje kwa upana, upande mfupi juu ya mfupi, na bila kufungua ikunje tena vilevile. Ukiifungua yote utahesabu vyumba 8. Sasa irudishe kwenye mkunjo mmoja wa upana, na ukate kuanzia upande uliokunjwa, ukifuata mstari wa katikati, uishie pale mistari inapokutana. Ifungue, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili na uzisukume zikutane. Mpasuko unafunguka kama mdomo wa kifaranga, na karatasi inageuka kitabu cha kurasa 8, kila moja sentimita 7.4 kwa 10.5. Kosa la kawaida ni kukata kutoka upande ulio wazi, na hapo mpasuko unakwenda pembeni na kitabu kinakataa. Kama mikasi hakuna, kunja mstari huo mbele na nyuma mara kadhaa, ulowanishe kidogo kwa kidole, uchane ukiegemeza rula. Waandike baada ya kukunja, si kabla, la sivyo nusu ya kurasa zitakuwa kichwa chini. Jalada mbele, jina la mwandishi nyuma, kurasa 6 za ndani kwa hadithi: picha juu, sentensi moja au mbili chini. Kurasa zote zipo upande mmoja wa karatasi, hivyo ukitaka nakala unakifungua tu na kupiga fotokopi moja.

Waachie wabadilishe. Mmoja ataweka nguruwe badala ya mbuzi, mwingine atamweka msichana aliyebeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na paka nyuma yake. Umbo la hadithi ni lile lile, mtu anakwenda mbele na kitu kinapotea nyuma, lakini maneno sasa ni yao. Kwa darasa la tatu hicho ni kiasi kizuri cha uhuru. Ukiwapa karatasi tupu na "andika hadithi yoyote", wengi watakaa wakiitazama.

Vijitabu viweke kwenye katoni darasani, na vipeleke kwa darasa la pili visomwe. Mtoto anayejua kwamba mdogo wake atasoma maneno yake hurudi mwenyewe kutazama kama yanasomeka.

Bila shaka unao pia wachache ambao bado hawajajua herufi zote. Usiwape kunakili. Achore ukurasa wake, akuambie sentensi yake, wewe au jirani yake mjuzi aiandike chini kama alivyoisema. Aisome kwa kidole mara tatu, neno kwa neno. Siku inayofuata iandike tena sentensi hiyo hiyo ukiacha pengo kwa neno la mwisho, "Mbuzi anakula ______", na pengo hilo alijaze yeye mwenyewe.